Maana Yake Nini? Barua kwa Mwanangu

Baba yangu,

Huku hatujambo. Mvua imeanza na ndizi zimepata nguvu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza kama mjukuu wangu, akiingia darasa la tano mwakani, mmpeleke shule ya bweni ya kanisa "ili imani imkae." Umeniuliza mimi kwa sababu wewe nilikupeleka huko huko. Basi nikujibu bila kuficha.

Mimi nilianza darasa la kwanza mwaka 1966, shule ikiwa bado ya misheni. Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inia kwenye mti wa mringaringa, na mwalimu wetu ndiye aliyekuwa mwinjilisti wa mtaa. Kila asubuhi wimbo, Baba Yetu, kisha amri moja ya Katekisimo Ndogo, kile kijitabu cha mafundisho ya imani cha Martin Luther, mwanzilishi wa kanisa letu la Kilutheri. Yeye anauliza, "Maana yake nini?" nasi darasa zima, kama kasuku: "Imetupasa kumcha Mungu na kumpenda..." Nusu ya maneno yalitupita, maana nyumbani tulisema Kichaga.

Siku moja boksi la chaki likapotea. Mwalimu akamchapa mvulana wa dawati la nyuma, maana huyo ndiye aliyekuwa mtundu. Kesho yake boksi likaonekana kwenye koti la mwalimu mwenyewe. Tulipofika amri ya nane, usimshuhudie jirani yako uongo, hakuuliza maana yake. Alivua kofia, akamwita yule mvulana mbele, akamwomba msamaha sote tukiona, sauti ikamkatika. Mwalimu, enzi zile! Mpaka leo nikiisikia amri ya nane naiona ile kofia mkononi.

Kisha ikaja sheria ya elimu ya 1969, na shule za misheni zikachukuliwa na serikali. Wazee wa usharika walidhani dini imekwisha. Haikwisha. Kipindi cha dini kilibaki, na yaliyobaki yakarudi jikoni kwetu. Babu yako hakumaliza hata darasa la nne, lakini kabla ya kupakua chakula alituuliza amri moja moja. Mara nyingine jibu alikuwa halijui yeye mwenyewe, akijifanya anatupima.

Ilipofika zamu yako ndipo nilipokosea. Shule za kanisa zilikuwa zimefunguliwa tena kwa wingi, nami nikafurahi kupita kiasi. Niliuza kahawa, nikauza na ndama, nikakupeleka. Moyoni nilijiona nimelipia hesabu na imani kwa risiti moja. Kule ibada ilikuwa asubuhi na jioni, majina yanaitwa, aliyechelewa anafyeka nyasi. Likizo yako ya kwanza, tumemaliza kula, nikasema tusali. Ukaniangalia, ukauliza, "Mama, na hapa ni lazima?"

Nilicheka. Nilipaswa kuvuta kigoda nikae nawe, lakini vyombo vilikuwa vinanisubiri. Kipaimara chako tulichinja mbuzi, picha ziko ukutani mpaka leo, nawe ukafanya kama wenzako wengi: ukahitimu kanisa. Miaka ile ya Dar hukukanyaga usharika wowote, na watu walishangaa kwa nini sikugombi. Ningekugombeza vipi, na swali lako sijalijibu?

Sisemi shule haina kazi. Luther mwenyewe mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani wafungue shule za Kikristo na kuzitunza. Lakini alipozunguka sharika za Saxony, huko huko Ujerumani, mwaka 1528 akakuta watu hawajui hata Baba Yetu, na mwaka uliofuata akatoa hiyo Katekisimo Ndogo. Fungua uone: juu ya sehemu zake ameandika kwamba hivi ndivyo mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Mwenye nyumba, baba, si mkuu wa shule. Na kwenye maelezo ya sehemu ya tatu ya imani anakiri kwamba kwa akili na nguvu zake hawezi kumwamini Kristo wala kumjia, ila Roho Mtakatifu amemwita. Kama yeye hakuweza, kahawa yangu ingeweza?

Mchungaji Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyetumika Old Moshi huku Kilimanjaro hadi 1938, aliwapanga vijana wa kipaimara vikundi vidogo, kila mmoja akiwa ngao ya mwenzake. Alikuwa ameliona hilo kwa Wachaga wenyewe. Wewe ulitoka bwenini na cheti kizuri, lakini ulipofika mjini hukuwa na mwenzako wa kukugongea mlango Jumapili.

Kwa hiyo, ukiniuliza mimi, mtoto asome shule ya kanisa ya kutwa, jioni arudi kwenu. Bweni lingoje kidato cha kwanza. Na kabla hujalipa chochote, nenda siku ya kawaida, siku ya mahafali wote wana adabu. Angalia walimu wanavyowasemesha wapishi. Uliza mtoto akivunja kioo anafanywa nini, kisha uliza mwalimu akikosea anafanyaje. Matokeo ya mitihani usihangaike kuyauliza, watakuonyesha wenyewe.

Jumapili msikimbilie gari ibada ikiisha. Kaeni hadi mnada wa sadaka za mazao, mtoto anunue yai kwa hela yake, wazee wamjue kwa jina. Na akikuuliza kama ni lazima, acha vyombo.

Nimempa dereva wa basi la kesho mfuko wa ndizi. Chini kabisa kuna Katekisimo ya babu yako, nimeifunga kwa gazeti. Jalada limetoka na ukurasa wa amri ya nane una doa la chai, hilo ni langu. Jumatano jioni usinipigie, tuko kwenye ibada ya jumuiya na majirani.

Mama yako