Tusiombe lami, tuombe nguzo

Mhariri,

Kila mwenye baiskeli hapa Mombasa akipata nafasi ya kusema na wakubwa, huomba njia ya baiskeli yenye lami. Mimi ni fundi wa baiskeli, kibanda changu kiko Kongowea, na chakula cha wanangu kinatoka kwenye spoki na tyubu. Naomba nafasi kidogo nipinge ombi hilo: bora tuombe nguzo za kuzuia vyombo vya mota.

Lami tumeshaiona inavyotufanyia. Kipande cha pembeni kikitengenezwa vizuri tu, asubuhi yake tuktuk imeshakijua. Jioni bodaboda wamekigeuza steji, na haupiti muda kuna mama ameweka jiko lake anakaanga viazi karai. Mama simlaumu, naye anatafuta. Lakini muuza mkate mwenye kreti nyuma ya baiskeli yake ya blekmamba hana pa kupita ila arudi kule kwenye matatu, na akirudi huko, kazi huja kwangu: rimu imepinda, uma umekunjika, na mwenyewe anachechemea. Mteja wangu mmoja aligongwa na pikipiki ndani ya njia ya baiskeli yenyewe. Lami ilikuwa mpya kabisa.

Mpwa wangu ameoa Ufaransa, sehemu za Bretagne huko magharibi, na anaishi mji unaoitwa Redon. Aliponialika nilijua nitapelekwa Paris nikaone mnara. Nikapewa baiskeli, nikaambiwa, "Mjomba, twende mfereji."

Mfereji wenyewe unatoka Nantes hadi Brest, kilomita 360 na ushei, zaidi ya mara mbili ya safari ya Mombasa hadi Voi. Napoleon ndiye aliyetaka uchimbwe, kwa sababu manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba bandari zake na alihitaji kufikisha mizigo Brest bila kupita baharini. Kando ya maji kuliachwa njia ya farasi wa kuvuta mashua. Farasi hawapo siku hizi, njia ipo, na haina lami.

Tulitoka Redon tukiufuata mto Oust kwenda Malestroit. Nilishuka nikachota ile changarawe mkononi, maana nilitaka kujua wanatumia nini. Ni mawe yaliyosagwa madogo, yamechanganywa na unga wake mwenyewe, yakamwagiwa maji na kushindiliwa. Usiku ulikuwa umenyesha na asubuhi njia imeshikana, hakuna dimbwi, wala mnyororo haukunasa mchanga. Baiskeli zao zina tairi za upana wa vidole viwili, na upepo hawajazi hadi ziwe ngumu. Huku kwetu mteja akibonyeza tairi ikaingia kidogo tu, anasema fundi amemwibia upepo. Kule ulaini huo ndio unaokuokoa mgongo.

Basi ikawa ni maji upande mmoja na mashamba upande wa pili, ng'ombe wametutazama bila haja. Kila penye malango ya kupandishia na kushushia mashua pana kibanda cha mlinzi na maua mlangoni. Magari sikuyasikia kabisa. Nimezeeka kwenye kelele za Kongowea, na nakiri kwamba mwanzo ukimya ule ulinitia wasiwasi, nikawa nageuka nyuma kila mara kutazama kama kuna lori.

Kitu nilichokitafuta hasa kilikuwa mahali njia inapokatana na barabara. Hapo wamesimika nguzo ya mbao katikati, au vigeti viwili vifupi vilivyopishana, ukipita lazima ukate usukani. Nilipima kwa shubiri, ufundi haumtoki mtu. Baiskeli inapita, kiti cha magurudumu kinapita, mama na kigari cha mtoto anapita. Tuktuk ingebaki nje. Gari la zimamoto likihitajika, nguzo nyingine zina kufuli chini, mwenye ufunguo anazing'oa. Pikipiki ingeweza kujibana ikapita, hilo ni kweli. Hapo ndipo kazi ya kibao: cha buluu, kina picha ya mtembea kwa miguu na baiskeli. Tangu 2004 sheria yao ya barabara inazitambua njia za namna hii, na chombo cha mota kikiingia ni kosa.

Malestroit tuliuacha mfereji tukashika njia nyingine inayotoka Mauron kupitia Ploërmel hadi Questembert. Hii ilikuwa reli. Reli haipendi mlima, kwa hiyo mzee kama mimi anakanyaga kutwa nzima bila kushuka kusukuma. Mpwa wangu akanieleza kuwa nchi nzima iko hivyo: reli ndogo za mashambani zilikosa abiria magari yalipozidi, zikafungwa, na ardhi yake ikabaki utepe mmoja. Kule jimbo la Bourgogne walifungua kipande cha kwanza cha namna hii 1997, kutoka Givry hadi Cluny, kilomita 44. Reli iliua biashara ya mfereji, gari likaiua reli, na baiskeli ikarithi vyote viwili.

Nimeyaleta haya gazetini kwa sababu sisi pia tumekalia urithi. Reli ilianza kujengwa hapa Mombasa 1896. Tangu 2017 abiria wa Nairobi wanapandia reli mpya ya SGR kule Miritini, na ya zamani imebaki na kazi kidogo. Iko pia ile ya Voi hadi Taveta, ambayo Waingereza waliijenga wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwenda kupigana na Wajerumani. Hiyo ya Taveta siipendekezi kwa haraka, inapita Tsavo na ndovu hawasomi vibao. Sisemi reli inayofanya kazi ing'olewe. Nasema penye mataruma yaliyooza na treni haipiti tena, ardhi isikatwe viwanja. Ukishauza plot moja katikati, utepe umekatika, na hakuna pesa ya kuuunga tena.

Wataniambia pwani hatuna mazoea hayo. Nendeni Bamburi. Machimbo ya saruji yalikuwa jangwa la mawe hadi mtaalamu wa kilimo aitwaye Haller alipoanza kupanda mivinje 1971, na leo watu wanakimbia na kuendesha baiskeli chini ya miti ile. Tofauti ni kwamba Bamburi unalipa getini. Njia ya Redon haina tiketi, na muuza mkate wangu hawezi kulipa kila asubuhi ili afike kazini.

Wengine watauliza usalama, na hilo ni swali la haki. Njia tulivu isiyo na watu ni ya wezi. Lakini ile niliyopita haikuwa tupu, ilipita nyuma ya nyumba za watu, wazee na mbwa wao, watoto na mikoba ya shule. Kwa hiyo tusianzie porini. Tuanzie kipande kifupi upande wa Mazeras, penye shule na soko, kishindiliwe muram kwa rola, mitaro ichimbwe kabla ya masika, nguzo zisimikwe kila kinapokatana na barabara. Na nguzo ziwe za zege, si za chuma. Za chuma nawajua watakaozing'oa, wengine huja kuniuzia.

Fundi wa baiskeli,
Kongowea, Mombasa