Wanaopunguza wanga wasome nyuma ya karatasi ya chokoleti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie wakazi wa Dodoma waliopunguza wanga kwa sababu ya kisukari au uzito, na bado wanatamani kitu kitamu. Chokoleti hawana haja ya kuiaga. Wasichopaswa kufanya ni kuinunua kwa kuamini maandishi makubwa ya mbele.

Mbele pameandikwa kwamba haina sukari, na kweli haina. Geuza nyuma, utafute neno maltitol au namba E965. Hiki ni kitamu kinachotengenezwa kutokana na wanga, na viwanda hukipenda kwa kuwa utamu wake unakaribia wa sukari. Tatizo ni kwamba sehemu yake husagwa na kuingia kwenye damu. Hesabu ya tahadhari ni kuchukua nusu yake kuwa wanga: chokoleti ya gramu 100 yenye maltitoli gramu 40 inakupa wanga gramu 20 kabla hujahesabu maziwa na kakao. Hiyo imeshapita slesi moja ya mkate. Nusu nyingine hufika utumbo mpana, ikavuta maji na kuchachushwa na bakteria, ndiyo maana anayeimaliza yote kwa mara moja hujaa gesi na pengine kuharisha.

E968 ni erithritoli, kitamu kingine. Karibu yote hutoka kwa mkojo na haipandishi sukari ya damu. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walihusisha kiwango kikubwa cha erithritoli kwenye damu na hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba ndiyo chanzo, lakini kwangu unatosha kushauri iliwe kwa kiasi, hasa na mwenye ugonjwa wa moyo. E960 ni stevia, ambayo haina shida hiyo ya wanga, ila pakiti zake nyingi za unga hujazwa maltodekstrini au deksitrozi, na hizo hupandisha sukari haraka. Soma viungo vyote, usiishie kwenye jina la pakiti.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni hesabu ya wanga. Nyuzinyuzi hazipandishi sukari, ndiyo maana hutolewa kwenye hesabu. Kwenye bidhaa za Ulaya zimeshaondolewa kwenye namba ya wanga, kwa hiyo usizitoe tena. Kwenye bidhaa za Marekani zimo ndani, na hapo unazitoa. Anayetoa mara mbili hujidanganya kwa gramu kumi na zaidi. Asali na tende zimejaa sukari, kwa hiyo hazimo kabisa katika mazungumzo haya, hata ziwe za asili namna gani.

Asiyetaka kazi ya jikoni anunue chokoleti nyeusi yenye kakao asilimia 85. Ina sukari, ndiyo, lakini gramu 20 zake huwa na gramu 3 hivi, na naiona ni bora kuliko nyingi za maziwa zinazojiita hazina sukari.

Anayetaka kutengeneza mwenyewe apate siagi ya kakao gramu 100, unga wa kakao gramu 50, erithritoli gramu 40, chumvi kidogo na karanga zilizokaangwa na kumenywa gramu 80. Kakao iwe tupu, maana makopo mengi ya kinywaji cha chokoleti yamejaa sukari. Siagi ya kakao iwe ya kula. Ile ya kupaka mwilini huwa na manukato. Karanga za Soko la Majengo zinafaa sana, tena wanga wake haufiki nusu ya ule wa korosho.

Saga erithritoli kwenye blenda kavu mpaka iwe laini kama unga wa ngano. Haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo ikibaki punje utatafuna mchanga, na ukiizidisha utasikia ubaridi mdomoni. Yeyusha siagi kwenye bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji ya moto yasiyochemka, bakuli lisiguse maji. Epua, chekechea kakao na erithritoli humo, koroga, tia chumvi na karanga, mimina kwenye trei yenye karatasi ya kuokea. Vyombo viwe vikavu kabisa. Tone la maji au mvuke ukiingia, unga wa kakao hushikana na mchanganyiko hugeuka uji mzito unaokatika. Ukifikia hapo usiutupe: ongeza krimu ya moto kidogo kidogo, ukoroge, upate mchuzi wa chokoleti. Ukienda vizuri, weka kwenye friji saa 2, kata vipande 20. Kila kimoja kina wanga wa gramu 1 hivi.

Maelekezo mengi ya nchi za baridi hutumia mafuta ya nazi. Hayo huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25, na joto la Dodoma la Oktoba na Novemba hupita 30 mchana, kwa hiyo chokoleti hiyo haitoki friji ikabaki kipande. Siagi ya kakao hustahimili hadi karibu nyuzi 34, lakini nayo hulainika mapema. Ikiyeyuka na kuganda tena hupata utando mweupe. Ni mafuta yaliyopanda juu, si ukungu, inalika. Wenye maduka nawaomba wasiipange dirishani penye jua.

La mwisho ni kwa wanaotumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi. Ukipunguza wanga bila daktari kupunguza dozi, sukari inaweza kushuka ghafla: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Wakati huo chokoleti isiyo na sukari haisaidii chochote, na hata ya kawaida huchelewa kwa sababu ya mafuta yake. Kama mgonjwa anaweza kumeza, apewe sukari ya kawaida vijiko vya chai 4 kwenye maji, apimwe baada ya dakika 15, na apewe tena kama sukari ya damu bado iko chini ya 4 (mmol/L). Akizimia asitiliwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Msomaji wako,
Area C, Dodoma