Hiyo si mbao, ni picha ya mbao

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita gazeti lako lilibeba tangazo la "sakafu za mbao halisi zisizoingiwa na maji". Nilimsomea mume wangu kwa sauti, akacheka mpaka chai ikammwagikia kanzu. Kicheko hicho tumekilipia, kwa hiyo naomba nafasi kidogo nieleze.

Nimezaliwa Soni, Lushoto. Baba alikuwa seremala na sakafu ya nyumba yetu aliitandika mwenyewe kwa mbao za mkulo, juu ya boriti, akaacha matundu ya hewa kwenye msingi na kuyaziba kwa wavu ili panya wasihamie. Kule asubuhi ya Julai ukikanyaga saruji unajuta kuamka. Mbao zetu zilikuwa na uvuguvugu wake. Basi nilipostaafu ualimu hapa Tanga mwaka 2021, nikaamua sehemu ya kiinua mgongo inirudishie sakafu ya baba.

Nikaenda dukani. Kijana akanionyesha vipande vya rangi ya mninga, vina mistari, vina vifundo. Nikamuuliza, hizi ni mbao? "Ni mbao, mama." Nikalipia maboksi 19.

Aliyenifumbua macho ni mjukuu wangu wa miaka 8, aliyekuwa amelala kifudifudi sebuleni akichora. "Bibi, hili jicho mbona liko na pale?" Kifundo chenye umbo la jicho. Tukazunguka tukihesabu, tukakipata mara 11, kile kile, na mkwaruzo wake pembeni. Miaka yote niliyokaa kwenye karakana ya baba sikuona mti wenye vifundo pacha. Nikachukua kipande kilichosalia nikakikwangua kwa kisu. Juu kuna ngozi nyembamba ngumu, chini yake karatasi iliyopigwa picha ya mbao, na chini ya karatasi ni unga wa mbao uliochanganywa na gundi ukashindiliwa. Hiyo ndiyo lamineti. Kijana hakusema uongo mtupu, maana unga ule nao ulikuwa mti. Kwa hesabu hiyo hata gazeti lako, Mhariri, ni mbao.

Ningeweza kuishi na picha. Kilichotushinda ni udhu. Mume wangu hutawadha bafuni mara tano kwa siku, kisha hupita koridoni na miguu inayochuruzika hadi kwenye mswala wake, kona ya sebule. Masika ilipoingia, maungio ya vile vipande yakaanza kuvimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, na yalivimba kwa kufuata njia yake. Mgeni angeweza kuijua kona ya kuswalia bila kuuliza. Na mimi sikusaidia, kwa sababu mtu wa Tanga hapangusi sakafu, anadeki: ndoo, tambara, maji yatembee. Dukani niliulizwa rangi ninayoitaka na ukubwa wa sebule. Kama tunadeki, hakuna aliyeuliza.

Fundi mmoja mzee wa Ngamiani alipoitwa, hakugusa vipande kwanza. Alibandua vichache, akabandika nailoni juu ya saruji kwa selotepu pande zote nne, akaondoka. Baada ya siku mbili ilikuwa na matone kwa ndani kama kifuniko cha sufuria. Nyumba tuliijenga zamani, jamvi, yaani zege la sakafu, lilimwagwa bila nailoni chini, na unyevu umekuwa ukipanda siku zote bila sisi kujua kwa kuwa saruji hailalamiki. Maana yake ni kwamba hata mbao halisi zingekufa pale pale.

Sasa sebule na korido tumeweka vigae vya sura ya mbao, vya sentimita 20 kwa 120. Navyo ni picha, lakini aliyeniuzia aliviita vigae. Tunadeki tunavyotaka. Angalizo moja tu kwa mwenye nia: vigae virefu hivyo mara nyingi vina mpindo mdogo katikati, na fundi akivipanga kama matofali, kichwa cha kimoja kikiangukia katikati ya mwenzake, kingo zinanyanyuka. Vyetu vya koridoni vilipangwa hivyo kabla sijamzuia, na kidole changu cha mguu wa kulia kinalijua hilo. Sebuleni tulisogeza kila kigae kwa theluthi ya urefu wake, pakalala vizuri.

Mbao nimezipata chumbani, kwenye chumba tulichoongeza baadaye chenye nailoni chini ya jamvi. Ni mitiki ya Longuza, hapo Muheza. Yule fundi mzee alinikatalia vipande vyenye weupe wa karibu na gome, akasema huo ni chakula cha wadudu. Alitaka kiini cha kahawia peke yake. Mbao zililala chumbani wiki tatu kabla hazijapigiliwa ili zizoee hewa yetu ya pwani, na ukutani ameacha nafasi ya sentimita moja, imefunikwa na sketingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, zikitanuka wakati wa mvua zipate pa kwenda. Humo hatudeki. Tambara hukamuliwa mpaka likaribie kukauka, na mume wangu humaliza kujifuta miguu mlangoni, akinung'unika.

Ombi langu, Mhariri: likija tena tangazo la namna ile, mwulizeni mwenye mali kilichomo ndani ya boksi kisha mkichape kwa jina lake. Kama ni lamineti, iwe lamineti. Ile ya plastiki yenye unga wa mawe inavumilia maji kweli, na hata hivyo ni plastiki. Mstaafu halipwi kiinua mgongo mara mbili.

Stoo yamebaki maboksi mawili. Anayeishi mahali pakavu na asiyedeki aje achukue, simtozi kitu.

Mwalimu mstaafu,
Donge, Tanga