Kiwango cha mauaji hakipandi ndege na mhamiaji

Ndugu Mhariri,

Kuna msomaji mwenzangu amechukua kiwango cha mauaji cha El Salvador, nchi ya Amerika ya Kati, na kukibandika kwenye paji la uso la kila mtu wa huko anayeishi Marekani, kana kwamba wote ni watu hatari. Mimi naishi Houston mwaka wa tisa sasa, nafanya kazi ghalani na watu haohao, kwa hiyo niruhusu nimjibu.

Namba yenyewe hakuikosea. Mwaka 2015, katika kila watu 100,000 wa El Salvador, waliuawa zaidi ya 100. Marekani walikuwa kama 5. Kosa lake ni kuishia hapo, asiwafuatilie watu wenyewe walipofika huku. Hapa Texas, alama za vidole za anayekamatwa hupelekwa serikali kuu, hali yake ya uhamiaji ikajulikana. Taasisi ya Cato ya Washington ilichambua kumbukumbu hizo. Mwaka 2022, waliotiwa hatiani kwa kuua walikuwa 4.9 katika kila wazaliwa wa Marekani 100,000, wahamiaji wasio na vibali 3.1, na wenye vibali 1.8. Wengi wa hao wasio na vibali wametoka Mexico na Amerika ya Kati, na waliouawa Mexico mwaka huo walizidi 20 katika kila watu 100,000.

Najua mtu atanishika hapo: hesabu ya nchi huhesabu maiti, ya Texas huhesabu waliohukumiwa, na wauaji wengi hawakamatwi. Sawa. Zidisha ile 3.1 mara mbili. Bado hujaikaribia Mexico, na wazaliwa nao itabidi uwazidishie.

Mwenzangu mmoja pale ghalani alikuwa na duka la mikate pembezoni mwa San Salvador. Kila Ijumaa kijana wa miaka kama 15 alipita kuchukua "renta", ndivyo wanavyoiita, pesa ya kuliacha duka salama. Mwezi alioshindwa kulipa, alikuta risasi moja imesimamishwa wima juu ya meza ya kuuzia. Hakuoka tena. Huyu ndiye anayehesabiwa upande wa wauaji kwa sababu ya pasipoti yake! Anayemkimbia muuaji na muuaji mwenyewe wana uraia mmoja, na kiwango cha nchi hakiwatenganishi.

Tena magenge yanayotoza "renta" hiyo, MS-13 na Barrio 18, yalizaliwa Los Angeles, hapa hapa Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya El Salvador vilipoisha mwaka 1992, Marekani ikawa inawarudisha kwao vijana wa magenge, nao wakaikuta nchi iliyojaa silaha, yenye jeshi la polisi lililokuwa limeundwa karibuni.

Sasa tazama mwaka 2023. Serikali ya El Salvador ilitangaza mauaji 154 nchi nzima, kama 2.4 kwa kila watu 100,000. Hali ya dharura ya kupambana na magenge ilikuwa imeanza Machi 2022 na watu zaidi ya 70,000 wametiwa ndani, wengine bila kosa lolote kwa mujibu wa watetezi wa haki za binadamu, ambao pia wanasema kuna vifo visivyoingizwa kwenye hesabu. Hata hivyo, hakuna anayebisha kwamba mauaji yameshuka sana. Kwa kanuni ya msomaji wetu, mwoka mikate wangu alikuwa mtu hatari mwaka 2015 na mpole kuliko Mmarekani mwaka 2023, na muda wote huo yuko juu ya foklifti hapa Houston.

Jambo la mwisho ni ukubwa wa kundi. Tuseme sisi Waswahili wa upande huu wa mji tuko 4,000. Mmoja wetu akiua, mwaka huo kiwango chetu ni 25 kwa kila watu 100,000, mara kadhaa ya Marekani nzima. Mwaka unaofuata ni sifuri. Naomba gazeti lako, likichapa kiwango cha mauaji cha kundi lolote, liandike pembeni kundi hilo lina watu wangapi na hesabu ni ya miaka mingapi.

Msomaji wako,
Houston, Texas