Kabla Hujanunua Draiva Mpya

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na pale uliposema unataka kununua draiva mpya ya gofu, ile fimbo ndefu ya mikwaju ya mbali, kwa kuwa ya sasa inapeleka mipira yote kulia, nimeona nikujibu leo leo. Subiri kwanza, hizo fedha zitunze. Kwa mtu wa mkono wa kulia kama wewe, mpira unaopinda kulia kwa kawaida unakuambia kwamba uso wa fimbo ulikuwa wazi, yaani umegeukia kulia, ukilinganisha na njia ambayo fimbo ilipita. Na mara nyingi chanzo ni jinsi mikono ilivyoshika, kabla hujazungusha chochote.

Jaribu hivi ukiwa nyumbani. Shika fimbo kwa mkono wa kushoto, mpini ulale kwenye vidole, si katikati ya kiganja. Inama kama unayetaka kupiga, kisha utazame mkono wenyewe. Ukiona kifundo kimoja tu cha vidole, basi mkono umegeukia mno upande wa shabaha. Uzungushe kidogo kulia mpaka uone vifundo viwili, hata vitatu. Sasa ongeza mkono wa kulia, na ule mkunjo kati ya kidole gumba na cha shahada uelekee bega lako la kulia. Utajihisi kama umeshika fimbo ya mtu mwingine. Vumilia. Mipira michache ya mwanzo ikipinda kushoto, usirudi kwenye mshiko wa zamani. Punguza tu kidogo.

Ila usiuminye mpini. Viganja vikikaza, mikono mpaka mabega hukaza pia, na uso wa fimbo hauwahi kujifunga.

Jambo jingine, nakuomba uache kusimama ukielekea kushoto ili kufidia. Najua kila mtu hufanya hivyo. Lakini ukielekeza mabega kushoto, fimbo nayo inaukata mpira kutoka nje kuingia ndani, na mpira unapinda kulia zaidi. Laza fimbo moja chini mbele ya vidole vya miguu unapofanya mazoezi, utajiona ulivyosimama.

Mpira wa draiva uweke mkabala na kisigino cha kushoto, juu ya kijiti chake kinachouinua kutoka ardhini. Kwa fimbo za chuma za kati usogeze karibu na katikati ya miguu, ili fimbo iguse mpira kwanza, ndipo ikwangue nyasi. Alama ya nyasi ikiwa nyuma ya pale mpira ulipokuwa, uzito wako umebaki mguu wa kulia.

Sasa kwenye grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, ambako naamini ndiko utakakopunguza handikapu yako, yaani ile mikwaju ya ziada unayohesabiwa kulingana na kiwango chako, haraka kuliko popote. Uwanja wa mikwaju 72 umepangwa kwa hesabu ya mikwaju miwili kwenye kila grini kati ya 18, yaani 36, nusu nzima ya mchezo! Na bado tunatumia saa nzima ya mazoezi tukipiga draiva. Shimo lina upana wa milimita 108 na mpira karibu 43, kwa hiyo nafasi ipo. Kinachotuangusha tukiwa mbali ni urefu wa mkwaju kuliko mwelekeo. Fanya mazoezi bila shimo. Simama hatua tatu kutoka ukingo wa grini, kisha sita, kisha tisa, na kila mara mpira usimame karibu na ukingo bila kuuvuka. Kasi ya mkono iwe ileile, ubadilishe tu umbali unaorudisha fimbo nyuma. Bendera unaweza kuiacha shimoni, kanuni zinaruhusu tangu 2019.

Anza na mshiko peke yake, mengine yafuate mpira ukishanyooka. Ukipata nafasi, niandikie uniambie mpira unaanzia upande gani kabla haujapinda. Nikijua hilo nitakuambia kama tatizo limebaki kwenye uso wa fimbo au kwenye njia yake.

Wako akupendaye.