Mwanangu, mshahara wa dada usiubane

Mwanangu mpendwa,

Bajeti uliyonitumia nimeisoma yote. Umepanga vizuri: kodi, nauli, umeme, hata kikoba umekikumbuka. Nilipofika kwa dada wa kazi ndipo nikaishiwa nguvu. Pampasi 90,000, dada 60,000! Mtu atakayeshinda na mjukuu wangu tangu alfajiri mpaka ushuke kwenye mwendokasi jioni, ndiye wa mwisho kwenye orodha yako?

Yule binti wa jirani uliyeniomba nikutafutie, simleti. Ana miaka 13. Sheria inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na hata ingeruhusu nisingemtoa shule aje kubeba kichanga. Tafuta mtu mzima aliyekwisha kulea, umlipe kama mtu mzima.

Najua siku 84 za likizo ya uzazi zinayoyoma na mtoto bado ananyonya tu. Ile miezi sita wanayosisitiza kliniki iko mbali. Usione haya kudai hadi masaa mawili ya kunyonyesha kwa siku. Yamo kwenye sheria ya kazi, bosi hakufanyii hisani. Kwa kuwa ofisi iko mbali, omba uyatumie kutoka mapema, na mkubaliane kwa maandishi. Maziwa ukikamua yaingie kwenye friji mara moja, joto la Dar unalijua. Mfundishe dada asiyachemshe: aweke kikombe cha maziwa ndani ya bakuli la maji ya moto, kisha adondoshee tone kwenye kifundo cha mkono kabla ya kumnywesha.

Sikukatazi kurudi kazini. Kanisani wakiniuliza habari zako, nasema mhasibu kwa sauti. Lakini mhasibu gani anayekodi turubai na muziki kwa ajili ya arobaini, halafu anakosa cha kumwongezea mlezi? Kaa na mwenzio muipitie upya. Huyo dada ni wa wote wawili, mwenzio asikuachie wewe peke yako. Na bila mlezi wa kuaminika utakuwa ofisini mwili tu.

Ningekuja mwenyewe, ila goti la baba yako limemrudia, kujisimamisha kitandani hawezi. Mahindi tumeshavuna. Niambie kabla ya Ijumaa kama nikutumie gunia zima kwa basi au nisage kwanza, maana mashine ya hapa jirani imeharibika na ya mnadani inataka nikodi bodaboda.

Mama yako