Barua kwa mjomba: bahari nzima ilishindwa na yai moja

Mjomba,

Shikamoo. Natumai jicho linaendelea vyema tangu walipokutoa mtoto wa jicho, na kwamba Mombasa hawakuzidishii kelele. Najua hii hutaisoma mwenyewe. Mmoja wa wajukuu atakusomea, nami nimewaonya wasiruke mistari hata pale ninapojiaibisha. Nimeiandika wazi ili na wenzangu wa chuo waisome, maana kila mmoja wao ana yai lake lililomzamia, ila wanaona haya kusema.

Siku ile pale Mokowe, ukiwa mguu mmoja ndani ya basi, uliniuliza: "Sasa wewe utafundisha sayansi gani, nawe mayai hujui kuyachemsha yasipasuke?" Watu wakacheka, basi likaondoka, jibu likanibaki mdomoni. Jibu lenyewe ndilo hili. Na kwa bahati mbaya linahusu yai.

Chuo kilinipangia mazoezi ya ufundishaji katika shule ya msingi humu humu kisiwani Lamu. Nilipewa gredi ya 5, watoto 43, dirisha moja linalotazama kichochoro wanakopita punda wa mchanga. Punda akianza kulia hapo chini, somo husimama. Nimejaribu kushindana naye, sijaweza.

Mada yangu ya kwanza ilikuwa vitu vinavyoelea na vinavyozama. Nilifurahi kama nimeokota pesa. Watoto wa Lamu na kuelea! Nikaandika ubaoni kwa mwandiko wangu bora: vitu vizito huzama, vyepesi huelea. Nikatosa msumari, ukazama. Nikatia kifuniko cha chupa, kikaelea. Nikageuka nikiwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi.

Mtoto wa dawati la nyuma, mdogo hata miguu haifiki chini, akainua mkono. "Ticha, na jahazi?"

Jahazi lina tani ngapi, Mjomba? Misumari mingapi uliipigilia wewe mwenyewe kule Matondoni kabla mgongo haujakukataza? Nami nimeandika ubaoni, kwa chaki nyeupe, kwamba kizito huzama. Nikasema, "Hilo tutalifikia." Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani walimu wanaposema hivyo wanatunza jambo zuri la mbele. Kumbe.

Usiku huo sikulala vizuri, nikaamua kuwapa kitu cha kuwashangaza. Kuna jaribio la yai: ukilitia katika maji matamu linazama, ukilitia katika maji ya chumvi linaelea. Kitabu kinasema utie chumvi kwa kijiko. Nikajiambia, chumvi ya nini kuharibu nasi tumezungukwa na bahari? Asubuhi nikashuka ufuoni na chupa. Ilikuwa bamvua, maji yamekupwa mbali, nikaingia matopeni hadi muundini kuyafuata. Maji matamu nilikinga bombani, yale ya visima vya Shela. Jagi mbili, yai moja la duka. Jaribio lenyewe sikulifanya nyumbani kwanza. Nakuomba usimwambie mama hapo.

Na siku hiyo ndiyo aliyokuja mhadhiri wa kunikagua. Mtu wa bara, mpole, amekaa nyuma na fomu yake mapajani.

Nikatia yai katika maji matamu. Likazama. Watoto wakaandika. Nikalitoa, nikalifuta, nikasema kwa sauti ya mganga, "Sasa tazameni bahari itafanya nini." Nikaliachia.

Likazama vilevile, Mjomba. Likatua chini ya jagi, tuli, kama lililofika kwake.

Kimya. Kisha msichana mmoja akasema kwa huruma, kama anayempa mtu pole ya msiba, "Ticha, hilo yai ni zima. La viza ndilo huelea." Darasa lote likaitikia: ndivyo mama zao wanavyoyapima kabla ya kuyapasua. Na ni kweli kabisa. Yai likikaa, maji yake huvukia nje kupitia vitundu vya ganda na hewa huingia mahali pake, kwa hiyo huzidi kuwa jepesi huku ukubwa wake ukibaki uleule. Watoto hawa walikuwa na somo zima jikoni kwao, mimi nikaenda kulitafuta matopeni.

Hesabu niliifanya baadaye, jasho lilipokauka. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, na uzito wake ni kama kilo 1.025. Yai jipya limezidi hapo: ungepata yai la ujazo wa lita nzima, lingefika karibu kilo 1.08. Bahari ya Hindi yote, pamoja na sifa zake, haina chumvi ya kutosha kuinua yai moja la shilingi chache.

Lakini darasani sikuwa na hesabu, nilikuwa na aibu tu. Yule mdogo wa nyuma ndiye aliyeniokoa. "Ongeza munyu." Kwa nini nisiongeze? Nikamtuma mmoja jikoni kwa mpishi wa shule. Tukatia kijiko kikubwa cha kwanza, tukakoroga. Cha pili. Cha tatu, yai likatikisika kidogo, darasa likapiga kelele kama mashua inapinda boya siku ya mashindano. Cha tano likasimama kwa ncha. Cha sita likapanda, taratibu, likatoa kipara juu ya maji. Watoto 43 walikuwa wamesimama juu ya madawati na mhadhiri naye amesimama, ingawa juu ya sakafu.

Katika vurugu hizo nilikuwa nimeshasahau Kiingereza. Kuanzia gredi ya 4 tunatakiwa kufundisha kwa Kiingereza, nami nilianza hivyo, lakini yai lilipozama lugha nayo ilizama. Nikawa nasema Kiamu kitupu, Kiswahili chetu cha Lamu. Nilimwita yule msichana, "Ndoo ushike jagi," na baada ya kipindi mhadhiri akaniuliza kwa heshima ile ndoo niliyoitaja ilikuwa wapi, maana katika andalio la somo nimeandika jagi mbili tu. Ikabidi nimweleze kwamba kwetu "ndoo" ni njoo. Alicheka, kisha akanikata alama za lugha. Sina kinyongo naye, fomu ndiyo iliyomtaka. Ila nasema hapa: mtoto aliyezaliwa akisikia "kuelea" kabla ya jina lake, kumfundisha kuelea kwa neno jingine kabla hajamaliza kulifikiri kwa hili lake, mimi naona ni kumvusha mlango kwa kumfunga macho.

Siku ya tatu nikafuta sentensi yangu ubaoni mbele yao, nikawaambia niliwakosesha. Walipokea bila mshangao wowote, jambo lililoniuma kidogo. Yule msichana alikuwa amekuja na kipande cha mkoko mbichi cha baba yake: mti, na ukazama. Mwingine akaleta lile jiwe la kusugulia visigino la bibi yake: jiwe, na likaelea. Nikawapa udongo wa kufinyanga. Donge lilizama. Udongo uleule, bila kupunguza hata chembe, wakautandaza wakauinua kingo kama kidau, ukaelea. Tukafika hapo: kitu kikikaa majini husukuma maji pembeni, na maji nayo hukisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyohamishwa. Donge linahamisha maji machache. Kidau, kwa tumbo lake, kinahamisha mengi. Arkimidi wa Sirakusa aliyaona hayo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Nilikuwa na miaka kama minane, nimekaa juu ya magogo nikiwatazama mkipakia mawe ya farumi katika mashua tupu. Nikakuuliza kwa nini mnaitia mzigo usiouzwa. Ukasema, bila kunitazama, "Ili isijione nyepesi." Nikadhani unanitania. Niliwasimulia darasani, nikakiweka kidau cha udongo majini, nikakipuliza kikapinduka. Nikakitilia kokoto tatu chini, nikapuliza tena. Kikalala, kikainuka. Sikuhitaji kueleza zaidi.

Na sasa nina deni, Mjomba. Yule mdogo wa nyuma ameniuliza: jahazi likitoka baharini na shehena yake likaingia mtoni, si litashuka, maana mto hauna munyu? Kwa hesabu ndivyo. Lingekuwa na umbo la sanduku na limezama mita 1 baharini, mtoni lingeshuka kama sentimita 2 na nusu zaidi. Lakini hakuniuliza hesabu. Ameniuliza kama kuna mtu aliyeliona.

Wewe ulikuwa ukiingia Kipini, pale mto Tana unapomwagika. Ulipotoka bahari ya chumvi ukapanda mtoni na mzigo, ule mstari wa maji ubavuni ulikuwa unapotea? Mwambie mjukuu aandike jibu lako kama unavyolisema. Nimemwahidi Jumatatu.